Mchonga Funguo Arudi Misa

Miaka kumi na tisa bila kuungama.
Nilirudi Jumanne ya Kwaresima, mvua ikipiga mabati,
padre akauliza kupitia wavu: kilichokurudisha ni nini?
Nikasema sijui. Nikasema shangazi amekufa.
Nikasema nimekosa pa kupiga magoti.

Mwadime ndiye aliyenipeleka kwenye ukumbi ule,
orofa ya pili, juu ya duka la rangi, Eneo la Viwanda,
Kilatini kila Jumapili saa tatu.
Wanawake na shela nyeupe, ubani,
na kimya.
Mola wangu, kimya kile!
Mimi ninayeshinda River Road kati ya mashine na honi
nililia kama mtu aliyerudishiwa kitu
asichojua kwamba kiliibwa.

Kisha chai ya tangawizi, na maneno.
Kwamba kayamba ni uchafu altareni.
Kwamba jumuiya za mtaani ni vikao vya umbea.
Kwamba yule wa Roma —
hawakusema Baba, hawakusema Mtakatifu,
walisema "yule",
kama mke amtajavyo mume aliyehama chumba.

Utotoni, Makadara,
shangazi Skolastika alipotuambia tumwombee Papa
mimi nilimwona samaki:
papa mkavu aliyetoka Mombasa ndani ya gazeti,
chumvi yake, harufu iliyokaa nyumbani wiki nzima.
Nikauliza, tunamwombea asitule?
Alicheka hadi rozari ikamponyoka.
Kisha akasema: mwombee tu. Hata akiuma.

Mwadime anajua pa kunigusa.
"Wewe fundi," asema, "nakala ya nakala
haifungui mlango. Rudi kwenye ufunguo wa asili."
Ni kweli. Nimeona meno yakilika,
kila nakala ikipoteza unywele mmoja wa chuma,
hadi mteja anarudi na matusi.

Lakini liko jambo sikumwambia.
Mjane mmoja wa Pangani aliniletea ufunguo
uliofungiwa sandukuni tangu nyumba ijengwe,
unang'aa, haujawahi kutumika.
Haukufungua.
Kufuli lilikuwa limelika pamoja na funguo za kila siku,
limezoea mikono ya watoto, ya wageni, ya walevi wa usiku,
nao ule wa asili ukawa mgeni mlangoni pake.

Basi ni nini kilichoharibika?
Nilimtoza mjane shilingi mia mbili. Sikumpa jibu.

Jumapili iliyofuata nilikaa mbele,
nikaitazama midomo ya padre.
Pale kwenye kimya kikuu, anaponong'ona peke yake,
kitabu chenye tafsiri pembeni kinasema
hutaja jina.
Na alilitaja. Jina lile lile. La "yule".
Upesi, kama mtoto anayeomba radhi
akiogopa kusikiwa na wenzake.
Mwadime alikuwa ameinamisha kichwa.

Jioni nikaenda jumuiya, kwa Mama Nthenya,
viti vya plastiki, mchango wa matanga,
wimbo ulioanza juu mno ukatushinda.
Jina lile walilitaja kwa sauti, wakalitamka vibaya,
kisha wakaendelea na habari ya maji kukatika.
Na mimi, nakiri, nilitamani kimya.
Nilitamani pia kuwa bora kuliko wao.
Sijui lipi lilitangulia.

Wanasema mapokeo. Neno lenyewe ni kupokea.
Ulimi hupokea. Kiganja hupokea,
changu kina grisi isiyotoka hata kwa mafuta ya taa.
Na kurudi je? Mtoto hurudi, na mtoto hurudiwa.
Mimi sijui nimo katika lipi.

Usiku huu nimesali rozari ya shangazi, shanga moja haipo.
Nilipofika kwenye nia za Papa nilisita,
nikanusa chumvi.
Nikamwombea. Hata akiuma.
Hata nikiuma mimi.